Kabla Hujanunua Betri Nyingine: Gari Linapogoma Kuwaka Asubuhi ya Baridi

Msomaji mmoja anayeishi Makete ameniandikia kwamba gari lake dogo la petroli, ambalo mchana huwaka bila shida yoyote, kila alfajiri ya msimu huu wa baridi humjibu kwa mlio mmoja wa "tak" kisha hukaa kimya. Fundi amekwisha kumuuzia betri mpya na hali haijabadilika. Sasa anauliza, "Kaka, ninunue na stata?" Stata ni mota inayozungusha injini ili iwake. Jibu langu ni hapana, asinunue kitu chochote hadi apime. Nimeamua kulijibu swali hili kwa urefu kwa sababu sisi tunaoishi Nyanda za Juu Kusini, ambao biashara zetu huanza kabla jua halijachomoza, tunapoteza fedha nyingi kila kipupwe kwa kubadilisha vifaa vizima huku kilichokufa kikibaki ndani ya gari.

Kwanza ni lazima tuelewe baridi inafanya nini. Umeme wa betri hutokana na mabadiliko ya kikemikali, nayo hupungua kasi kadiri joto linavyoshuka. Betri ambayo ikiwa kwenye joto la kawaida ina nguvu zake zote, ikifika nyuzi 0 za Selsiasi hubakiwa na takriban asilimia 80 tu. Saa hiyo hiyo oili huwa nzito, hivyo injini huhitaji nguvu kubwa zaidi ili izunguke. Kwa wenye magari ya dizeli kuna jambo la tatu ambalo watu wa pwani hawalijui: mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mkandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda. Hewa ikiingia pungufu, tena ikiwa ya baridi, joto hilo nalo hupungua. Ndiyo maana gari lenye kasoro ndogo linaweza kuishi Kariakoo kwa miaka bila kulalamika, likagoma wiki ya kwanza ya kupanda Njombe.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua boneti, geuza ufunguo na usikilize. Injini isipozunguka kabisa, au ikizunguka kwa uvivu, tatizo liko upande wa umeme mkubwa: betri, waya zake nene, viungio na stata. Injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haiwaki, betri na stata zimekwisha kujitetea zenyewe, na mtu anayetaka kukuuzia mojawapo wakati huo hajasikiliza. Tofauti hii ndiyo msingi wa mambo yote yanayofuata.

Msomaji wangu wa Makete yuko kwenye kundi la kwanza. Mlio mmoja wa "tak" maana yake ni kwamba swichi ya stata imejaribu kufunga, lakini umeme wa kutosha haujafika kuzungusha. Mita ya kupimia umeme ya bei nafuu itamsaidia kuliko ushauri wa watu kumi. Alfajiri, kabla hajawasha taa wala redio, aguse vichwa vya betri kwa ncha za mita: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni kama nusu, na 12.0 ni betri iliyochoka ambayo baridi itaimaliza. Ikiwa betri hiyo mpya inaonyesha 12.0 kila asubuhi, ama altaneta, kifaa kinachochaji betri wakati injini inanguruma, haichaji, na injini ikiwa inanguruma mita inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5, ama kuna kitu kinakula umeme usiku kucha. Alamu na redio zilizofungwa mitaani ndizo watuhumiwa wa kwanza.

Akikuta 12.6, betri haina kosa, na hapo ndipo penye utamu wa kazi yenyewe. Aweke ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha amwombe mtu apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya wa ethi, ule unaounganisha kichwa hasi cha betri na bodi au injini, au kwenye viungio vyake, kwa kawaida pale unapofungwa kwenye bodi au injini, penye kutu na rangi. Afanye vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti nene ya stata. Kiungio chenye kutu ambacho mchana hupitisha umeme wa kutosha kwa shida, alfajiri hushindwa, kwa sababu injini nzito huvuta umeme mwingi zaidi. Dawa yake ni msasa, spana na maji ya moto yenye magadi. Stata ifikiriwe pale tu umeme unapokuwa umefika kwake kamili na bado haizungushi.

Kundi la pili ndilo lililoniumiza mimi, na sitaficha kwamba bado linaniuma. Nilinunua Hilux ya dizeli yenye injini ya 3L Dar es Salaam, ili nibebe viazi kutoka vijiji vya Makete hadi Makambako. Kule chini iliwaka kwa mguso mmoja. Ilipofika Juni, kila alfajiri stata ilizungusha vizuri sana, bomba likatoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi, na injini haikushika. Mnunuzi wa viazi hamngojei mtu. Akifika sokoni na wewe hujatokea, anapakia mzigo wa jirani yako. Nilipeleka gari kwenye gereji moja kubwa, wakabadilisha betri, kisha wakasema pampu ya dizeli ishushwe ipelekwe kupimwa, kazi ambayo gharama yake ingemeza faida yangu ya msimu mzima.

Nikawauliza kuhusu hita plagi, vile vijiti vinavyopasha joto ndani ya silinda kabla ya kuwasha. Fundi mkuu akagusisha taa ya kupimia kwenye bati linaloziunganisha hita plagi zote nne, taa ikawaka, akaniambia mbele ya wateja wengine, "Moto unafika, kaka. Wewe endesha, ufundi tuachie sisi." Sikubishana naye. Niliwaomba wanisukume, gari likawaka, nikaondoka nalo.

Moshi mweupe ulikuwa umekwisha kunipa jibu. Moshi huo wakati wa kupiga stata ni dizeli iliyofika kwenye silinda ikakosa joto la kuungua. Pampu inayotoa dizeli mpaka ikaonekana kwenye bomba haiwezi kuwa mshtakiwa wa kwanza. Kama hakuna moshi wowote, hapo ndipo utafute mafuta: hewa inayoingia kwenye mpira wa dizeli uliopasuka, maji kwenye filta, au umeme usiofika kwenye swichi ya kufungua dizeli. Na taa iliyowaka kwenye lile bati ilithibitisha jambo moja tu, kwamba rilei, swichi inayopeleka umeme kwenye hita plagi, inaleta umeme. Haikusema lolote kuhusu hita plagi zenyewe.

Kesho yake, injini ikiwa ya baridi, nilifungua nati ndogo nikaliondoa bati. Nikabana waya wa taa ya kupimia kwenye kichwa chanya cha betri, kisha nikagusa kila hita plagi kwenye kichwa chake. Hita plagi nzima hupitisha umeme hadi kwenye chuma cha injini, kwa hiyo taa huwaka. Iliyokatika ndani haipitishi, na taa hukaa giza. Ya silinda ya kwanza iliwaka. Tatu zilizobaki zilikuwa zimekufa. Nilifunga mpya nne kwa sehemu ndogo sana ya bei ya ile kazi ya pampu, nikasubiri taa ya njano ya dashibodi, inayoonyesha kuwa hita plagi zinapasha joto, izimike, na injini ikashika papo hapo. Nasema hili kwa fahari, kwa sababu niliambiwa niuache ufundi kwa wenyewe.

Ndugu zangu, gari ni mtaji. Mtu anayehesabu kila gunia analopakia hawezi kukubali kununua kifaa cha laki kadhaa kwa sababu tu fundi amekihisi. Muulize amepima nini, na mita imesoma ngapi. Fundi wa kweli hukasirishwa na kupotezewa muda, si na swali hilo, na wapo wengi wa kweli katika miji yetu. Wao ndio wanaostahili fedha zetu.

Kwa wenye magari ya petroli ambayo injini huzunguka bila kushika, anzeni na plagi za cheche na koili zinazozipa umeme. Ukisikia harufu kali ya petroli baada ya kupiga stata mara kadhaa, plagi zimelowa. Kwa magari mengi ya mfumo wa kisasa wa petroli, kanyaga akselereta hadi chini wakati wa kupiga stata ili mfumo ukate mafuta na plagi zikauke. Kuhusu oili, namba iliyo kabla ya herufi W ndiyo inayohusu baridi: 20W-50 ni nzito zaidi alfajiri kuliko 15W-40, na kitabu cha gari lako kitakuambia ipi inaruhusiwa.

Sipendi kabisa desturi ya kupuliza etha, dawa ya kopo inayowaka upesi, kwenye njia ya hewa ya injini yenye hita plagi. Hita plagi zikiwa za moto, etha inaweza kulipuka kabla ya wakati wake ikavunja pete za pistoni au pistoni yenyewe.

Mwisho, kwa anayekwenda dukani kununua hita plagi: chukua ya zamani mkononi usome volti zilizoandikwa kwenye mwili wake, kwa sababu zipo za volti 6 na zipo za volti 11 au 12, ambazo urefu na nyuzi zake za kufungia vinaweza kufanana kabisa. Ya volti 6 ikifungwa kwenye mfumo wa 12 huungua upesi. Ya 12 ikifungwa kwenye mfumo wa 6 haipati joto la kutosha. Unapozifunga, anza kwa vidole hadi nyuzi zishike zenyewe, ndipo uingize spana, wala usizikaze kwa nguvu, kwa maana ikikatikia ndani ya silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, hedi nzima italazimika kushushwa.