Re: Wanaweza kuniongezea masharti kwenye leseni ya bunduki niliyo nayo tayari?
Ndugu, umeuliza kama masharti yanaweza kubadilishwa kabla leseni yako haijaisha muda. Nchi nyingi, ndiyo. Leseni ni ruhusa tu, na ruhusa hupitiwa upya: ukihama, afya ya akili ikiyumba, au mwenzi wako akiripoti vitisho nyumbani. Hilo la mwisho mimi naona lisisubiri hata siku moja.

Wanachokazania zaidi watoa leseni ni utunzaji wa bunduki. Kabati la chuma limefungwa ukutani? Risasi ziko mbali na bunduki? Ufunguo anao nani? (Kuuweka juu ya kabati lenyewe hakuhesabiki.) Australia ilikaza haya baada ya watu 35 kuuawa kwa risasi nchini humo, huko Port Arthur, mwaka 1996.

Ukiona sharti limezidi, omba sababu kwa maandishi, kisha kata rufaa mapema.