Tarehe nilimpa, na ahadi ambazo hakuziomba

Swali la juma hili lilikuwa hili: "Mwajiri aambiwe lini kuhusu likizo ya uzazi, na aambiwe vipi?" Nililisoma nikacheka peke yangu. Hilo "lini" ndilo lililoninyima usingizi katika mimba yangu ya kwanza, kumbe ndilo lililokuwa jepesi.

Basi nianze nalo tulimalize. Wengi husubiri miezi 3 ya kwanza ipite, kwa kuwa mimba nyingi zinazoharibika huharibika katika kipindi hicho, na hakuna anayependa kutangaza leo kisha atangue kesho. Ni sababu ya haki. Lakini kama kazi yako ni ya kunyanyua mizigo, kushika kemikali au kukesha zamu za usiku, usingoje. Miezi hiyo hiyo ndiyo viungo vya mtoto vinapoumbika, na bosi hawezi kukubadilishia kazi kwa jambo asilolijua. Zaidi ya hapo, soma mkataba wako na sheria ya nchi yako, maana kila mahali pana muda wake wa notisi na cheti chake cha daktari. Aliye na mkataba unaokwisha mwezi ujao ana hesabu zake, na mimi simlaumu akinyamaza mpaka mpya usainiwe.

Mimi ni mhasibu, kazi ya kukaa, kwa hiyo sikuwa na haraka. Kosa langu lilikuwa kumwambia kwanza mwenzangu wa meza ya pili, kwa sababu alinikuta natapika na sikuwa na uongo wa karibu. Wiki haikwisha. Mkuu wetu akaniuliza mbele ya watu, huku anatabasamu: "Nasikia kuna habari njema ambayo mimi peke yangu sijaambiwa?" Nikaingia ofisini kwake nimeshakuwa mkosaji, na mkosaji ni mwepesi wa kuahidi.

Niliahidi nini? Kwamba nitafanya kazi mpaka siku ya uchungu. Kwamba simu yangu itakuwa wazi muda wote. Kwamba kufunga hesabu za mwaka, ambako kungeangukia wiki ya 5 baada ya kujifungua, nitakuja mwenyewe. Hakuniomba hata moja katika hayo! Nilikuwa nalipa deni ambalo sikudaiwa, na yeye, kama ambavyo mkuu yeyote angefanya, akachukua kalamu akaandika.

Mtoto alikuja siku 11 kabla ya tarehe. Ile tarehe wanayokuandikia kliniki ni makadirio kweli kweli: ni kama mtoto 1 tu katika kila 20 anayezaliwa siku hiyo hasa. Kwa hiyo wakati wa kufunga hesabu nilikuwa wiki ya 6 hivi, mshono bado unavuta, mtoto hajajua kushika ziwa vizuri, na simu inaita. Nilikwenda. Nilikaa siku 2 na blauzi imelowa maziwa, nikakosea jumla za ukurasa mzima, mwenzangu akalazimika kuzirudia zote. Ofisi haikufaidika, mtoto hakufaidika. Mkuu hakukumbuka hata kunishukuru, na sioni kwa nini angekumbuka, kwa kuwa mwenyewe nilisema ni jambo dogo.

Baadaye sana ndipo niliposoma Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000. Si nchi zote zilizouridhia, ila ni kipimo kizuri cha kujua unaomba au unadai. Likizo isipungue wiki 14. Ndani yake, wiki 6 baada ya kujifungua ni za lazima, na kama kuna wa kuzigusa basi ni serikali ikikubaliana na vyama vya waajiri na vya wafanyakazi, si mimi na bosi wangu tumefunga mlango. Na si jambo la juzi. Mkataba wa kwanza kabisa wa uzazi, wa mwaka 1919, ulikwisha kusema mwanamke asiruhusiwe kazini wiki 6 baada ya kujifungua. Yaani nilikuwa nagawa kwa ukarimu kitu ambacho kwa kipimo hicho hakikuwa changu kukigawa.

Mimba ya pili nilijipanga. Niliomba nusu saa ya faragha kabla sijamwambia mtu yeyote kazini, nikaingia na karatasi 2. Nikasema: "Nina ujauzito, natarajia kujifungua kati ya wiki hii na hii, na likizo yangu nitaianza tarehe hii." Kisha nikanyamaza. Msidhani ni kitu kidogo. Kimya kile kilinikaba, neno "samahani" likaja mpaka kwenye ulimi, nikalimeza. Mkuu (alikuwa mwingine sasa) akauliza walichouliza wote: "Lakini utarudi?" Nikamwonyesha mstari wa tarehe ya kurudi. Akauliza kama nitaweza kusaidia kidogo nikiwa nyumbani. Nikamwambia atakayekaimu ataachiwa kila kitu, na nikageuza karatasi ya pili.

Hiyo ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Nilikuwa nimeorodhesha kila kazi yangu ya mwezi, nani anaweza kuishika, faili liko wapi, na nani ana idhini ya kusaini. Makabidhiano niliyapanga yaishe mapema, kabla ya wiki ya 37 ya mimba, kwa sababu kuanzia hapo mtoto anaweza kuja wakati wowote bila kumshangaza mkunga. Mkuu aliponiona nazungumzia saini za malipo, hofu ikamwondoka usoni. Kumbe muda wote hakuwa akiogopa mimba. Alikuwa anaogopa mishahara ya watu kuchelewa.

Jioni ile ile nikamtumia barua pepe fupi, nakala kwa ofisa utumishi: "Kama tulivyozungumza leo..." na tarehe zote 3. Kuna rafiki aliyeniambia huko ni kutoaminiana. Mimi nasema ni kutunza kumbukumbu, kazi ninayolipwa kuifanya. Mkataba ule ule unasema mwanamke akifukuzwa akiwa mjamzito au yuko likizoni, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu haihusiani na uzazi. Vizuri sana. Lakini akisema "mimi sikujua hata kama ana mimba", utamwonyesha nini kama yote yalisemwa mdomoni?

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na hapo ndipo wengi wetu hukosea katika mazungumzo haya. Tunajadili kuondoka tu. Piga hesabu nami: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Likizo ya wiki 14 ni miezi 3 na kidogo, tena kama hukuchukua hata siku moja kabla ya kujifungua. Kuna pengo la karibu miezi 3, na pengo hilo linazibwa kazini, si nyumbani. Nitakamulia maziwa wapi? Mlango unafungika kwa ndani? Nitatoka saa ngapi, na saa hizo zinahesabika? (Kwa mkataba ule, mapumziko ya kunyonyesha ni muda wa kazi na hulipwa.) Niliyauliza hayo nikiwa na tumbo la miezi 5, na nikapewa chumba cha kuhifadhia makabrasha, chenye komeo. Ningeuliza siku niliyorudi, ningepewa choo.

Siku hizi nami nina kitengo changu, na habari hizi huletwa kwangu. Majuzi aliingia binti mmoja, ameketi ukingoni mwa kiti, akaanza: "Samahani dada, najua wakati huu si mzuri..." Akanipa karatasi aliyoipanga vizuri kuliko yangu ya zamani. Chini kabisa alikuwa ameandika kwamba atakwenda wodini na kompyuta mpakato, ili hesabu za robo mwaka zisikwame. Nikampa kalamu nikamwambia aukate mstari huo. Akaukata. Kisha akauliza kama angalau aache namba ya mumewe, ili tukikwama tumpigie yeye ampelekee simu kitandani. Kalamu nikaichukua mwenyewe.