Silksong: ukikwama eneo la Hunter's March, ondoka kwanza

Kwa aliyeuliza kama mchezo wa video wa Silksong ni mgumu kuliko Hollow Knight uliotangulia: ndiyo, hasa mwanzoni. Unaanza na vinyago 5 (ndivyo uhai wako), na maadui wengi wanakung'oa 2 kwa pigo moja. Ila Hornet, mhusika unayemchezesha, akijiponya anarudisha 3 kwa mpigo, hata akiwa hewani, kwa hiyo ruka kwanza ndipo ujiponye. Kinachosumbua wengi ni pigo lake la chini: linakwenda mshazari, si wima. Mimi lilinitoa jasho siku mbili nzima! Hunter's March si lazima mapema hivyo, achana nayo. Ukifika eneo la Greymoor tafuta Reaper Crest (nembo inayobadilisha mapigo ya Hornet), pigo lake la chini ni pana. Na rozari zako (pesa za mchezo) zitunge kwenye uzi kabla ya kupigana na bosi, yaani adui mkubwa. Zilizotungwa hazipotei ukifa.