Masta ya masomo ya Amerika ya Kaskazini: anza na swali, chuo kitafuata

Wanaonitafuta kuulizia masta ya masomo ya Amerika ya Kaskazini huja na majina ya vyuo tayari. Berlin, Bonn, Leiden. Wanataka niwaambie kipi ni bora. Mimi huanza kwa kuwauliza: kuna jambo gani kuhusu Marekani au Kanada linalokukera kwa kutolielewa? Wengi hunyamaza kidogo, halafu wanasema wanapenda siasa, au wanapenda fasihi ya Wamarekani weusi. Ni mwanzo mzuri, ila hautoshi.

Nasema hivyo kwa sababu shahada hii inachanganya fani. Anayesoma uchumi peke yake hushikwa mkono na mtaala: kozi hii kabla ya ile, hesabu kabla ya nadharia. Kwenye masomo ya Amerika ya Kaskazini milango yote iko wazi. Muhula huu unasoma riwaya, ujao sera ya ushuru, unaofuata filamu za miaka ya 1970. Kila semina inavutia. Kisha unafika wakati wa tasnifu ukiwa umegusa mengi na hakuna njia hata moja ya utafiti unayoimudu sawasawa. Nimeona watu wenye akili nyingi wakikwama hapo, na iliniuma, kwa sababu hawakuwa wavivu. Hawakuwa na swali tu.

Mimi nilisomea Berlin, kwenye Taasisi ya John F. Kennedy ya chuo kikuu cha Freie Universität. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1963 kwa juhudi za Ernst Fraenkel, mwanazuoni wa siasa ambaye aliwakimbia Manazi akaishi Marekani, kisha akarudi kufundisha Ujerumani. Fani sita zinakaa chini ya paa moja: utamaduni, fasihi, historia, siasa, sosholojia na uchumi. Masta ni ya miaka miwili, krediti 120 (kipimo cha mzigo wa masomo vyuoni Ulaya), inafundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anachagua fani mbili za kuegemea. Nilipowaeleza watu, waliniambia mshika mawili moja humponyoka. Naelewa walikotoka. Lakini mawili hayo yakiwa yanatumikia swali moja, hakuna kinachoponyoka.

Swali langu lilikuwa hili. Mwaka 2003 Bunge la Marekani lilikuwa mikononi mwa chama cha Republican. Iweje bunge hilo lipitishe dola bilioni 15 kwa miaka mitano za kupambana na UKIMWI, sehemu kubwa ikienda Afrika? Rais George W. Bush aliutangaza mpango huo wa PEPFAR mwezi Januari, na kufikia mwisho wa Mei sheria ilikuwa imesainiwa. Dawa zile zimewafikia watu ninaowafahamu. Nilitaka kujua zilitokana na mjadala gani, na nani alimshawishi nani.

Siasa ilinifundisha kuufuatilia mswada: ulipita kamati zipi, kura zilikwendaje, na ilikuwaje kikaingia kifungu cha kutaka theluthi moja ya fedha za kinga ziende kwenye mafunzo ya kujizuia hadi ndoa. Hayo yote yamo kwenye kumbukumbu za Bunge, na yanasomeka mtandaoni bure. Lakini kumbukumbu hizo hazikuelezi vya kutosha kwa nini Seneta Jesse Helms, ambaye kwa miaka mingi alipinga fedha za UKIMWI, aligeuka mwaka 2002 akaanza kuzitetea kwa ajili ya akina mama na watoto wa Afrika. Hapo nilihitaji sosholojia: mitandao ya makanisa ya kiinjili, wamishonari wanaorudi na habari za hospitali zao, jinsi imani inavyoweza kumhamisha mwanasiasa mahali ambapo hoja za wataalamu zimeshindwa. Fani moja ilinipa mfululizo wa matukio, nyingine ikanipa watu.

Kuna semina moja ambayo huwa naitolea mfano, kwa kuwa inaonyesha kazi hii ikifanyika. Tulikuwa tunazungumzia nyumba moja tu ya Chicago. Mwaka 1937 Carl Hansberry, mfanyabiashara mweusi, alinunua nyumba kwenye mtaa ambao wamiliki wake walikuwa wamesaini mkataba wa kutowauzia wala kuwapangishia weusi. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1940 Hansberry akashinda. Lakini ukisoma hukumu yenyewe unagundua alishinda kwa hoja ya utaratibu: hukumu ya kesi ya awali haikuweza kumfunga mtu ambaye hakuwakilishwa ndani yake. Mikataba ile ya ubaguzi haikuguswa. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1948 ndipo mahakama hiyo ikasema majaji hawaruhusiwi kuitekeleza. Binti yake, Lorraine, aliyekuwa mtoto wakati familia inahamia pale, baadaye aliandika tamthiliya kuhusu familia nyeusi inayonunua nyumba kwenye mtaa wa wazungu. Mwaka 1959 ikawa ya kwanza ya mwanamke mweusi wa Marekani kuonyeshwa Broadway.

Sasa angalia mezani. Mwanafunzi wa uchumi alitaka kujua kodi za nyumba: watu wengi wakibanwa kwenye eneo dogo, mwenye nyumba anatoza anachotaka. Wa historia alishikilia ile karatasi ya mkataba na sahihi zake. Akauliza zilikusanywaje, na kama zilitosha kweli. Wa fasihi aliturudisha kwenye onyesho la tamthiliya ile ambapo mjumbe wa mtaa anakuja na hela, kwa upole kabisa, kuiomba familia isihamie. Hiyo heshima yake ya maneno, alisema, hutaikuta kwenye takwimu wala kwenye hukumu. Wakabishana kwelikweli. Yule wa uchumi hakukubali kwamba mchezo wa kuigiza ni ushahidi. Yule wa fasihi hakukubali kwamba wastani wa kodi unaeleza woga wa mtu.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kuchagua fani ni tofauti na wa wengi. Usichukue mbili zinazofanana, kama fasihi na utamaduni, kwa sababu tu zote unazipenda. Chukua mbili zinazotofautiana kuhusu kinachohesabika kuwa ushahidi, halafu hakikisha moja kati yake unaimudu kiasi cha kuweza kuitetea mbele ya bingwa wake.

Ukishakuwa na swali, kuchagua chuo kunakuwa kazi ya kusoma nyaraka. Acha ukurasa wa mbele wenye picha za wanafunzi wanaocheka. Tafuta maelezo ya moduli, yaani mafungu ya kozi, na ratiba za semina za miaka miwili mitatu iliyopita. Angalia nani anafundisha sasa hivi na anaandika kuhusu nini. Angalia kama kuna kozi ya mbinu za utafiti, au kila mtu anaachwa ajitafutie. Angalia pia kama jina linatimizwa. Programu nyingi zinajiita za Amerika ya Kaskazini, na ndani yake ni Marekani mwanzo mwisho. Kama unataka kuandika kuhusu shule za bweni walikopelekwa watoto wa watu wa asili wa Kanada, na miito 94 ya kuchukua hatua ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyozichunguza shule hizo na kumaliza kazi mwaka 2015, basi programu isiyo na mtaalamu wa masuala ya Kanada haikufai, hata iwe na sifa gani.

Urefu nao una uzito wake. Leiden, Uholanzi, wanatoa masta hii kwa mwaka mmoja, krediti 60. Inamfaa anayekuja na mada iliyoiva, kwa sababu tasnifu inaanza kukudai kabla hujazoea mji. Miaka miwili inakupa nafasi ya kubadili mawazo, na pengine kwenda muhula mmoja Marekani au Kanada kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Kumbuka tu kwamba hiyo ni viza nyingine, na foleni nyingine.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Vyuo vya umma vya Berlin havitozi ada ya masomo kwa masta ya kawaida ya namna hii. Unalipa mchango wa kila muhula. Jimbo la Baden-Württemberg, iliko Heidelberg, tangu mwaka 2017 linawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Uholanzi ada kwa wasio wa Ulaya ni kubwa zaidi ya hapo. Lakini hata pasipo na ada, viza ya Ujerumani inataka uonyeshe fedha za kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, na kwa kawaida zinawekwa kwenye akaunti maalumu inayokuachia 992 kila mwezi. Kazi inaruhusiwa, siku 140 kamili kwa mwaka, ila usiipangie bajeti yako ya mwanzo juu yake.

Ajira? Hakuna tangazo la kazi linalotafuta mtaalamu wa Amerika ya Kaskazini, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Wenzangu wako kwenye uandishi wa habari, mashirika ya misaada, vituo vya utafiti wa sera, wengine wanaendelea na shahada ya uzamivu. Waliopata kazi mapema ni wale walioweza kusema, kwa sentensi mbili, wanachoweza kufanya: kusoma bajeti ya Bunge la Marekani, kufanya mahojiano ya utafiti, kuchambua hukumu. Na kabla ya kuomba, uliza mamlaka inayotambua shahada za nje nchini kwako itaipanga wapi. Kama ndoto yako ni kufundisha idara ya historia, shahada isiyo na neno historia kwenye jina lake inaweza kukuletea usumbufu. Hapo fani uliyoegemea na mada ya tasnifu ndivyo vitakavyokutetea.

Barua ya maombi nayo inaandikwa vizuri ukiwa na swali. Wanaosoma barua hizo wamechoka na habari za mapenzi ya tangu utotoni kwa Marekani. Waandikie unachotaka kujua, fani mbili utakazotumia, na nyaraka utakazoanza nazo. Kisha mwandikie mhadhiri mmoja barua pepe fupi, aya mbili, umuulize kama mada hiyo inaweza kusimamiwa pale. Akikujibu kwamba hakuna wa kuisimamia, mshukuru, uende kwenye chuo kinachofuata.