Nimehamisha jarida langu la safari na kuna mambo lazima niwaambie

Jana usiku kijana mmoja wa Kakamega, msomaji wangu ambaye ni kipofu, alinitumia voisi: "Dada, sasa nasikia yote, hadi upana wa mlango." Niliisikiliza mara tatu. Miezi miwili iliyopita ni yeye aliniambia simu yake inamsomea "picha, picha, picha" basi.

Mimi niko Kisumu, natumia wilchea, na huu mwaka wa sita naandika jarida la imeili kwa wenzangu wanaotaka kutembea. Dunga, Msitu wa Kakamega, Ziwa Nakuru, kote naenda na tepu ya fundi. Rampu nzuri urefu wake ni mara 12 ya kimo, yaani ngazi ya sentimita 15 inataka rampu ya mita 1.8, lakini unafika gesti uliambiwa kwa simu "rampu iko" unapata ni ubao mfupi umeegemezwa na wanaume wawili wanakungoja wakubebe. Vipimo vyote nilikuwa naandika kwa maelezo ya picha, yale macho hayaoni lakini kisoma skrini, ile programu inayomsomea kipofu kwa sauti, kinayasoma.

Sasa, websaiti ya zamani nilipokuwa naweka jarida ikapandisha bei, nikatafuta kijana wa kunihamisha, akasema wikendi moja inatosha. Na kweli Jumatatu ilikuwa imehama. Picha zilikuja, maelezo yakabaki huko. Linki zote za zamani zikafa. Maandishi yakawa kijivu juu ya nyeupe, nikimwuliza ananijibu, "Lakini madam, si inakaa poa?" Inakaa poa kwa nani? Hilo swali bado linaniuma, sitaficha.

Nilirudishia picha 214 maelezo, moja moja, usiku, watoto wakilala.

Kwa hivyo wewe unayetaka kuhama, usifunge ya zamani kabla hujaijaribu mpya, na kujaribu si kuangalia. Washa TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, kwa simu yako, fumba macho, tafuta bei ya chumba. Kwa kompyuta ya Windows kuna NVDA, nayo ni kisoma skrini, ni ya bure. Rangi ya maandishi na ya nyuma zitofautiane kwa mwangaza angalau 4.5 kwa 1. Linki za zamani zielekezwe kwa mpya, mwambie fundi neno "301" atajua. Na imeili pia, tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo walikaza masharti, domeini yako isipokuwa na SPF na DKIM, yale maandishi ya kuthibitisha barua ni zako kweli, barua zako zinaweza kuangukia spamu, yangu ya kwanza baada ya kuhama iliangukia huko na mimi nikidhani watu wamenichoka. Lakini kubwa ni kujaribu, narudia, jaribu na mtu ambaye haoni.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali, kupanda magari ya umma na kupata habari. Habari! Tunawapigia kelele wenye hoteli juu ya ngazi, halafu sisi wenyewe tunajenga ngazi kwa websaiti?

Huyo kijana alitaka upana wa mlango kwa sababu ya mamake, anatumia wilchea kama mimi. Ijumaa wanaenda Nakuru. Choo cha ile gesti mlango ni sentimita 82, na ameshawapigia wamwekee chumba cha chini.