Jibu: Udongo wa msingi unashukia kwa jirani (Kadutu, Bukavu)

Jambo ndugu. Umechimba msingi kwenye mteremko, sasa kila mvua udongo unashuka kwa jirani na tope linajaza mfereji. Usikimbilie ukuta. Angalia kwanza maji yanatoka wapi. Kwangu yalikuwa ya barabara na mabati ya walio juu. Chimba mtaro juu ya kiwanja, uyakate yasifike kwenye msingi, uyapeleke kwenye mfereji wa mawe. Si kwa mwenzio, hapo ndipo ugomvi huanzia.

Rundo la udongo liondoe ukingoni, ulifunike turubai. Upande wa chini panga mifuko ya mchanga, nyuma yake chimba shimo la kutulizia tope, ulizoe kila baada ya mvua. Wengi husahau hilo la kuzoa.

Maji ya kuoshea koleo na karai za zege yamwage kwenye shimo la peke yake, mbali na mfereji. Saruji inaunguza ngozi na kuua samaki, na mifereji yetu inaishia ziwani Kivu au mto Ruzizi.

Kazi kubwa ya kuchimba ikiweza kungoja, iache hadi Juni, kiangazi kikianza. Ukiona nyufa kwenye mteremko, simamisha kila kitu, ita mhandisi aje. Hilo siwezi kulipima kwa maandishi.