Gh, Kh na Sauti Iliyopwea: Maswali Yenu ya Lugha

SWALI: Wenzangu wa bara wakinisikia nikisema "ghali", "lugha" au "masalkheri" husema sisi watu wa Amu tunakwaruza koo. Je, ni koo kweli? Nami nimfundisheje mgeni anayesema "luga"?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Kukwaruza ni neno sawasawa, koo ndilo linalopotosha. Unaposema gh au kh, shina la ulimi huinuka likakaribia kaakaa laini, ile sehemu isiyo na mfupa nyuma ya paa la kinywa. Hubaki upenyo mwembamba, na hewa ikijipenyeza hapo husikika mkwaruzo. Wanaisimu huziita sauti hizi vikwamizo.

Aliyesoma chuo cha Kurani atapinga, na ana hoja. Elimu ya tajwidi, yaani ya kuisoma Kurani kwa matamshi sahihi, huhesabu herufi sita za koo kwa mafungu matatu: hamza na he chini kabisa, ain na ha katikati, ghain na kha juu, karibu na kinywa. Wanaisimu nao huziweka hizi mbili za mwisho kwenye kaakaa laini au kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Mahali ni palepale, ila hawakubaliani koo linaishia wapi. Na hesabu ile ni ya Kiarabu. Kiswahili hakikuipokea ain: imeyeyuka katika irabu, kama katika "elimu" na "saa". Kha nayo vinywani mwa wengi imekuwa h, ndiyo maana tunaandika "habari" na "hofu".

Kinachotenga gh na kh ni mtetemo. Weka vidole viwili kwenye koromeo, uvute "khhh": kumetulia. Vuta "ghhh": kunatetema. Gh ni ghuna, yaani sauti yenye mtetemo huo, kh si ghuna.

Mgeni wako anaziba njia ya hewa kabisa, kisha anaiachia kwa mpasuko. Hiyo ni g. Usimwanzishe na gh. Mwambie ahemee kioo kama anayetaka kukifuta, kisha ainue shina la ulimi polepole mpaka pumzi ianze kukwaruza. Amepata kh. Akiimudu, aongeze sauti bila kuusogeza ulimi, itatoka gh. Aanze na "lugha" na "shughuli" kabla ya "ghali" na "ghafla", maana kati ya irabu mbili koromeo tayari linatetema na kazi huwa nyepesi. Akiminya shingo kama anayejikohoza, msimamishe, kwani atapwewa na sauti bure na gh hataipata. Mchunge pia baadaye, asije akaitia gh kila penye g, akasema "ghari" na "ghazeti". Na asikulinganishie na r ya Kifaransa, ile ya Paris: hiyo hutoka kwenye kimio, nyuma zaidi. Amekaribia, hajafika.

SWALI: Kibao cha duka langu kimeandikwa "khanga". Niisome kama "kheri"?
Muuza nguo, Malindi

JIBU: Hapana. H hapo ni pumzi tu inayofuata k baada ya kupasuka, hakuna mkwaruzo. Ndiyo pumzi inayomtenga kaa wa baharini na kaa la moto, paa wa mwituni na paa la nyumba, kwa wanaozitamka hivyo. Alama moja imebebeshwa kazi mbili, ndipo watu wanapotatizika.

SWALI: Natunga hadithi ya nahodha mzee mwenye sauti mbovu. Niandike "anakoroma"?
Msomaji, Shela

JIBU: Kukoroma mwachie aliyelala. Ikiwa amepiga kelele baharini mpaka sauti ikafifia, amepwewa na sauti, au sauti imemkauka. Ikiwa ndivyo alivyo siku zote, ana sauti ya kukwaruza. Sauti nzito ni jambo jingine, maana nzito yaweza kuwa safi kabisa. Akiguna, mdomo umefumbwa na sauti ni fupi, mara nyingi ya kutoridhika. Akinguruma, ni ghadhabu na sauti inavutwa. Kithembe na kigugumizi usivichanganye humo, wala king'ong'o, kwa kuwa hicho ni cha pua.